Paneli ya geji ya mbambakofi: nikiwasha taa kubwa, mshale wa joto unapanda. Kosa ni la ubao?

#1 MtotoWaShela
Salamu wote. Swali langu ni moja lakini lina mkia mrefu, nivumilieni.

Nina Land Rover Series III ya dizeli, injini ya lita 2.25, iliyokuwa ya marehemu ami yangu. Dashibodi ilikuwa imepasukapasuka kwa jua letu la Malindi, geji zinaning'inia kwa nyaya zake kama ndizi mkunguni. Nikasema basi, nitengeneze paneli yangu. Seremala mmoja anayechonga milango akanipa kipande cha mbambakofi kilichosalia, unene wa nusu inchi. Mti ule hauna huruma. Ule msumeno wa mviringo wa kufungwa kwenye drili ulitoa moshi kwenye tundu la pili, meno yakaisha kwenye la tatu. La nne nimelimaliza kwa tupa, siku mbili.

Nimeweka geji nne. Ya joto na ya mafuta ni zile zile za Smiths zilizokuja na gari. Nimeongeza ya presha ya oili, ya bomba jembamba la shaba, na ya volti. Rangi za nyaya nimezifuata: kijani na buluu ya joto, kijani na nyeusi ya tangi, nyekundu na nyeupe ya taa ndogo za paneli.

Sasa shida. Mchana mshale wa joto unakaa juu kidogo ya katikati, umetulia. Usiku nikiwasha taa kubwa unapanda taratibu mpaka robo tatu. Nikizima unarudi. Maji hayachemki, rejeta haitoi mvuke. Fundi wangu aliangalia, akasema maneno matatu tu, "Ubao hauna athi," yaani haurudishi umeme kwenye betri, akachukua ya chai akaenda zake. Ni kweli?

#2 DerevaMstaafu
Ni kweli kabisa mwanangu. Bati la zamani lilikuwa waya pia, hukujua tu. Kila kilichofungwa juu yake kilipata athi bure. Wewe umeleta mlango wa Lamu ndani ya gari. Vuta waya mweusi kwa kila geji, maneno yaishe.

#3 MtotoWaShela
Mzee wangu, waya mweusi nimeshavuta kwa kila geji na kwa kila taa ndogo. Zote zinakutana kwenye bolti moja chini ya dashibodi, penye bodi tupu niliyoikwangua rangi.

#4 WayaMweusi
Kabla hujavuta kingine, nijibu. Nyuma ya dashibodi ya zamani palikuwa na kikopo kidogo cha bati, kama nusu ya kiberiti, kina waya wa kijani unaoingia na wa kijani hafifu unaotoka. Hicho umekifunga wapi?

Nauliza kwa sababu geji hizo mbili za Smiths hazitumii volti za betri moja kwa moja. Ndani mna kipande cha madini mawili yaliyogandamizwa, kimezungushiwa waya. Waya ukipata moto kipande kinapinda, mshale unasogea. Ndiyo maana unapanda kivivu, haurukiruki. Na kwa kuwa volti za gari hazitulii, kiwanda kiliweka hicho kikopo, stabilaiza, kizipe volti 10 kwa wastani. Kinafanya hivyo kwa kukata na kuunga, kukata na kuunga. Lakini athi yake ni mwili wake wenyewe, kupitia skrubu inayokishika. Skrubu ikiingia kwenye bati, mambo sawa. Ikiingia kwenye ubao, hakikati tena. Kinapitisha volti zote za betri, na geji zote mbili zinadanganya kwenda juu.

#5 MtotoWaShela
Kwenye ubao. Kwa skrubu mbili za shaba, tena nimezing'arisha kwa ndimu.

Hapo nimeelewa jambo jingine ambalo sikutaka kulisema hadharani. Wiki mbili zilizopita nilikuwa naenda Mambrui, nimempakia shangazi yake mke wangu na sinia la mahamri la harusi. Tumevuka daraja la Sabaki, geji ya mafuta inasema zaidi ya robo. Gari likakohoa mara mbili likazima. Tangi kavu. Na dizeli ikikauka hutii mafuta ukaondoka tu, ni kukaa barabarani unafungua nati, unapampu kwa mkono hewa itoke. Shangazi alikaa kivulini akala mahamri mawili, hakunisemesha mpaka tulipofika.

#6 ProboxGede
Paneli nzuri kuliko gari, halafu inasema mafuta yapo wakati hayapo 😂 Kaka hiyo si geji, hiyo ni mwanasiasa.

#7 BintiAmu
Poleni na shangazi. Sisi huku Amu, kisiwani Lamu, tuna geji pia, msidhani. Baba yangu ana mashua yenye injini ya dizeli ndani, ya abiria wa Mokowe, na paneli yake ya mbao niliifunga mimi kwa mikono yangu miwili. Ubao si kosa. Kwenye mashua hakuna chochote ila ubao, na geji zinasoma. Ila kila kitu lazima kiwe na waya wake wa kurudi, usimtegemee mtu.

Kosa la kwanza nililolifanya ni kununua waya wa gari wa kawaida. Baada ya kusi moja tu nilipoumenya, shaba ndani ilikuwa nyeusi tii, nguvu imekwisha, na weusi umepanda ndani ya ganda urefu wa mkono mzima. Sasa natumia waya ambao kila uzi wake umepakwa bati. Nawe uko Malindi, chumvi ni ile ile.

#8 ProboxGede
Dada, huko kwenu si ndiko wasemako asiye na punda ni punda? Punda ana geji gani?

#9 BintiAmu
Masikio. Yakilala nyuma, teremka. Na ndiya (njia) zetu hazina taa kubwa za kuwasha, kwa hiyo hayapandi usiku.

#10 MtotoWaShela
Mrejesho. Stabilaiza nimeifunga kwenye kibati kidogo, kibati nimekivutia waya mnene mpaka kwenye bodi. WayaMweusi, Mungu akubariki mikono. Geji ya joto mchana imeshuka chini kidogo ya katikati. Ya mafuta imeshuka pia, nimejua umaskini wangu halisi.

Lakini usiku bado. Nikiwasha taa kubwa, wa joto unapanda, sasa si mpaka robo tatu, ila unavuka katikati vizuri. Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa: wa mafuta hausogei hata unywele.

#11 DerevaMstaafu
Mimi nimefikiri usiku. Land Rover za Mwingereza athi yake ni chanya, si hasi, yaani upande chanya wa betri ndio uliofungwa bodini. Pengine umegeuza.

#12 WayaMweusi
Mzee, heshima yako, hapo umeteleza kidogo. Zenye athi chanya ni zile za mwanzo, za dainamo. Series III ilianza 1971, inatoka na alterneta na athi hasi. Angegeuza, alterneta ingekufa siku ile ile, wala tusingekuwa na uzi huu.

#13 DerevaMstaafu
Sawa, nakubali. Ile niliyofunzwa kuendesha mimi ilikuwa ya dainamo, nayo ilikuwa nzee kuliko huyu kijana.

#14 MwalimuFizikia
Kile kinachomchanganya mwenye uzi ndicho kinachonifurahisha mimi. Geji mbili, stabilaiza moja, waya mmoja wa kuzilisha. Moja inapanda, nyingine haipandi. Maana yake tatizo haliko kwenye paneli. Geji zinatofautiana mahali zinapomalizia: sensa ya joto, yaani kipimio chake, athi yake ni injini, ya tangi athi yake ni chasisi.

Sasa fuateni umeme. Taa mbili za wati 55 zinakula kama ampea 8, na taa za nyuma ongezeni kidogo. Injini ikinguruma, umeme huo unatoka kwenye alterneta, na alterneta imefungwa kwenye injini. Ukishapita kwenye taa unaingia kwenye bodi na chasisi, kisha lazima urudi kwenye injini. Injini imekaa juu ya raba. Njia yake ya kurudi ni ule mkanda wa shaba uliosukwa, baina ya chasisi na injini au gia boksi. Ukiwa umeoza, una ukinzani. Weka mdogo tu, sehemu 5 kwa 100 za omu. Zidisha kwa ampea 9: volti 0.45. Yaani injini inakuwa chini ya chasisi kwa karibu nusu volti. Geji ya joto haioni tena volti 10, inaona 10.45, na kwa kuwa inafanya kazi kwa moto wa waya, nguvu inakua kwa mraba, kama asilimia 9. Mshale unapanda. Wa tangi haujui lolote, uko chasisi kwa chasisi.

Apime: mita, ncha moja kwenye injini penye chuma kisafi, nyingine kwenye chasisi, injini ikiwaka na taa zikiwaka. Ikizidi volti 0.2, abadilishe mkanda huo.

#15 ProboxGede
Mwalimu umenirudisha kidato cha pili nikiwa nimesimama mbele ya darasa sina jibu.

Mimi naona rahisi zaidi. Kuna mkanda mwingine: wa feni. Unazungusha feni, pampu ya maji na alterneta, wote watatu. Ukiwasha taa, alterneta inakuwa nzito. Mkanda ukiwa mlegevu unateleza, pampu inapunguza mwendo, feni pia. Injini inapata moto KWELI. Mshale haudanganyi, mnaousingizia ni nyinyi. Probox yangu ilifanya hivyo hivyo Gede mpaka Timboni, usiku tu, na nilibadilisha geji bure kabla mtoto wa gereji hajanibonyezea mkanda kwa kidole gumba.

#16 MwalimuFizikia
Ukiteleza ungelia. Amesema kuna mlio?

#17 MtotoWaShela
Series III ya dizeli, kaka. Hata tembo akilia ndani sitamsikia.

#18 DerevaMstaafu
Hapo kijana wa Probox kasema la maana. Mimi nimebeba chumvi ya Gongoni miaka mingi, na lori langu geji zilikufa zote, imebaki moja ya hewa ya breki. Joto nililipima hivi: ukihisi harufu ya rangi ya moto miguuni, na heta ikipuliza baridi hali umeifungua, maji yamekwisha. Mkono juu ya boneti pia. Nyinyi mnatazama mshale, gari mnaliacha.

Kwa hiyo nakuuliza: mshale ukiwa juu usiku, umewahi kusimama ukagusa bomba la juu la rejeta?

#19 MtotoWaShela
Nimegusa. Moto. Lakini mchana pia ni moto. Mkono wangu hauna namba, mzee.

#20 MgeniWaTanga
Habari za huko. Nasoma tangu juzi, niruhusuni. Hamjagusa sensa yenyewe. Amefunga na utepe mweupe wa mabomba? Utepe ule ni kizuizi, sensa inapata athi kwa meno yake. Ukiweka mwingi, athi inakuwa nusunusu, geji inayumba. Yangu iliyumba hivyo.

Na mwangalie meno. Sensa nyingi za madukani ni za thumuni ya inchi za Kimarekani, meno 27 kwa inchi. Za Kiingereza na Kijapani ni meno 28. Zinaingia raundi mbili tatu kwa upole, halafu zinakaza, na mtu anadhani imefika. Hapo ndipo utepe unapoongezwa kuzuia maji.

Na msicheke geji ya mafuta ya mtu. Mimi nilinunua geji nzuri inang'aa, muuzaji akaniapia inaingia gari lolote. Sensa ya tangi langu ilikuwa ya VDO: tupu omu 10, likijaa 180. Geji ilikuwa ya kipimo cha Kimarekani: tupu 240, likijaa 33. Yaani kinyume. Tangi likikauka inaonyesha limejaa, nikijaza inashuka. Mwezi mzima niliisoma kwa kuigeuza kichwani.

#21 WayaMweusi
Mgeni, la omu ni kweli tupu, kila anayenunua geji apime sensa kwanza. La utepe, sikubali. Ukikaza kwa spana meno ya shaba yanakata utepe, chuma kinakutana na chuma. Nimefunga nyingi. Halafu tazama upande: athi mbovu kwenye sensa ni ukinzani UNAOONGEZEKA. Sensa hizi joto likipanda ukinzani unashuka. Ukiuongeza, geji inasoma BARIDI. Mwenzetu inasoma moto. Utepe haumo.

#22 MgeniWaTanga
Hapo umenifunga. Lakini yangu iliyumba, naapa.

#23 Kibuyu
Mimi sina Land Rover, nina jeraha. Hilo bomba la shaba la presha ya oili litoeni kabla ya yote. Ijumaa moja nimevaa kanzu mpya nyeupe, naelekea msikitini na pick-up yangu, bomba likakatika nyuma ya geji. Shaba ikitikiswa sana inakuwa ngumu, mwishowe inavunjika kama biskuti. Oili ya moto ilinipiga kutoka kifuani mpaka magotini. Nilisimama pembeni ya barabara kama mtu aliyechinja. Watu wakakusanyika kunipa pole, wanadhani ni damu.

Weka ya waya, oili ibaki kwenye injini ilikozaliwa.

#24 BintiAmu
Pole ami. Kanzu iliokoka?

#25 Kibuyu
Ndiyo ninayofungulia boneti siku hizi.

#26 WayaMweusi
Bomba zungusha mizunguko miwili mitatu kabla halijafika kwenye geji, mtikiso ufie hapo, na panapotoboa bati weka raba. La shaba likifungwa hivyo linadumu. Za waya zina uongo wake pia.

Ila Kibuyu amenikumbusha kitu. MtotoWaShela, ukipiga stata, lishike hilo bomba. Lina moto?

#27 MtotoWaShela
Subhanallah. Lina uvuguvugu. Nilidhani ni oili.

#28 MwalimuFizikia
Oili ndani ya bomba hilo haitembei, inasukuma tu na kukaa. Mita moja kutoka kwenye injini haina sababu ya kuwa na moto, sembuse injini ikiwa baridi asubuhi. Hilo bomba linapitisha umeme wa stata! Athi ya injini imeoza, umeme unatafuta njia yoyote, umekuta shaba kutoka injini mpaka geji, na geji ina waya mweusi. Pick-up moja niliyoiona Kilifi ilikuwa inachoma kebo yake ya mafuta ya mguuni kwa sababu hiyo hiyo.

#29 ProboxGede
Au amelishika baada ya gari kutoka safari. Hukusema saa ngapi.

#30 MtotoWaShela
Ilikuwa saa kumi jioni. Nimetoka nayo sokoni saa tisa.

#31 ProboxGede
Haya basi 😌

#32 MtotoWaShela
Nimepima kama alivyosema mwalimu. Injini ikiwaka, taa zimezimwa: 0.1. Taa kubwa zikiwaka: 0.6.

#33 MwalimuFizikia
Nilisema.

#34 WayaMweusi
Taratibu mwalimu. Mita gani? Hizi za manjano za bei ya chini, betri yake ikidhoofika inasoma juu. Na umegusa wapi kwenye injini, penye rangi au penye chuma?

#35 MtotoWaShela
Ya manjano. Ina alama ya betri inayomweka kwenye kioo, nilidhani ni urembo. Nimegusa kwenye bolti ya bomba la moshi.

#36 WayaMweusi
Yenye kutu?

#37 MtotoWaShela
Kaka, hapa Malindi bolti isiyo na kutu iko dukani.

#38 BintiAmu
Ukishafunga mkanda mpya wa shaba usiuache uchi. Piga brashi ya chuma, funga, kisha paka grisi juu. Baba yangu hupaka sifa, yale mafuta ya papa ya kupakia mashua. Injini inanuka papa, lakini nati inafunguka baada ya miaka mitano.

#39 MgeniWaTanga
Sifa kwenye umeme! Amu mna mambo.

#40 BintiAmu
Ndoo uone, kisha uteke. Kwa kwenu: njoo uone, kisha ucheke.

#41 Kibuyu
Natoka nje ya mada kidogo. Geji ya volti inakusomea ngapi? Mimi nilishauriwa niweke ya ampea kama magari ya zamani.

#42 DerevaMstaafu
Usiweke. Ya ampea umeme wote wa gari lazima upite ndani yake, waya mnene kutoka injini mpaka usoni pako na kurudi. Nati yake ikilegea inapata moto. Rafiki yangu wa barabara ya Garsen dashibodi ilianza moshi hapo hapo, akaizima kwa maji ya kunywa. Ya volti ina nyaya mbili nyembamba na fyuzi ndogo, inatosha.

#43 MtotoWaShela
Yangu ikiwaka tu inasoma 12.2 na inakaa hapo. Nikikanyaga mafuta mara moja kwa nguvu inaruka 14.1 na haishuki tena. Nimeizoea.

#44 WayaMweusi
Usiizoee. Taa nyekundu ya chaji kwenye paneli yako mpya ni balbu au ni LED?

#45 MtotoWaShela
LED. Inapendeza kwenye mbambakofi.

#46 WayaMweusi
Ndiyo hiyo. Ile taa si pambo, waya wake wa kahawia na manjano ndio unaoiamsha alterneta. Balbu ya wati 2.2 inapitisha karibu ampea 0.18. LED inapitisha kama sehemu ya tisa ya hiyo. Alterneta inabaki imelala mpaka uizungushe kwa nguvu. Rudisha balbu, au funga rezista sambamba na hiyo LED.

#47 ProboxGede
Kwa hiyo tuna ubao, stabilaiza, athi ya injini, mkanda wa feni, utepe, bomba la shaba, na sasa LED. Gari hili linatembeaje?

#48 DerevaMstaafu
Kwa dua ya marehemu ami yake.

#49 MtotoWaShela
Jamani mrejesho mkubwa. Jana tangu alasiri mpaka isha nilikuwa chini ya gari na mwanangu ananishikia tochi. Mkanda wa shaba wa injini ulikuwa umebaki nyuzi sita au saba, nyingine zimekuwa unga wa kijani, nikauvuta kwa vidole viwili ukakatika. Nimefunga mpya, mnene kama kidole, nimekwangua, nimepaka grisi (si sifa, mke wangu amekataa). Na kwa kuwa nilikuwa chini tayari, nikabonyeza mkanda wa feni, ukaingia karibu inchi moja na nusu. Nikaukaza. Balbu nimerudisha. Na nikaisafisha sensa ya joto, sikuweka utepe.

Usiku nimekwenda mpaka njia panda ya Watamu na kurudi, taa kubwa zote. Mshale wa joto hausogei. Karibu hausogei.

#50 MwalimuFizikia
Alhamdulillahi. Athi.

#51 ProboxGede
Athi gani? Inchi moja na nusu mwalimu! Huo si mkanda, ni kamba ya kuanikia. Ni mkanda wa feni.

#52 WayaMweusi
Umefanya manne siku moja!! Kaka, tumekaa hapa siku tisa tunatenganisha, wewe umekwenda kuyachanganya kwenye sufuria moja. Sasa nani atajua?

#53 MgeniWaTanga
Na utepe ameutoa. Nasema tu.

#54 WayaMweusi
Utepe HAUMO.

#55 DerevaMstaafu
"Karibu hausogei" maana yake nini?

#56 MtotoWaShela
Nikiwa nimesimama taa zinawaka, unapanda upana wa mshale wenyewe. Labda nusu yake. Mwanangu anasema haupandi, ni mimi ninayeinama.

#57 MwalimuFizikia
Bado pana athi nyingine, ya bodi kwenda betri. Pima tena, kwa mita yenye betri mpya.

#58 ProboxGede
Au uulegeze mkanda wa feni kama ulivyokuwa, uende Watamu usiku, tumalize ubishi.

#59 MtotoWaShela
Siulegezi. Jumamosi shangazi anarudishwa Mambrui, na amesema atakaa mbele, aitazame geji ya mafuta mwenyewe.

#60 BintiAmu
Mwambie seremala wako akiwa na kipande kingine cha mbambakofi asikitupe. Baba ameiona picha ya paneli, anaitaka ya mashua, matundu matatu. Tundu la nne mtaliacha, hatuna tupa.